Litungu la Jirani Yetu wa Nyamwaga

Juzi nilipita Nyamwaga, ndugu yangu, nikasikia karasha likisaga mawe ya dhahabu, na miguu yenyewe ikanipeleka mpaka kwa bibi. Nyumba imebaki ukuta mmoja na migomba.

Enzi za dhahabu uwanja ule haukukaa kimya. Mchana tulianika mawe, vumbi likituingia hadi kwenye uji wa ulezi. Jioni, bibi akisonga ugali wa mtama, jirani yetu alitoka kazini kwenye karasha, akaoga, akaja na litungu lake, ala yetu ya nyuzi. Alikuwa mcheshi, tena mwenye maringo ya mpigaji anayejua anapendwa. Akizigusa nyuzi zile, hata wachimbaji waliotoka Shinyanga, wasiojua neno la Kikurya, waliacha sufuria zao jikoni wakaja. Nilimpenda kuliko wajomba zangu wote, na sioni haya kusema.

Karasha liliendeshwa kwa mkanda mrefu wa mpira. Mkanda ukiteleza, mtu aliurudisha kwa mkono huku injini inanguruma. Aliyezima kwanza alitaniwa siku nzima kwamba hajatahiriwa, na kwa Mkurya huo si utani mdogo. Bibi alimwonya mara nyingi, akimwita kijana kwa Kikurya, "Mura, zima kwanza hiyo mashine."

"Bibi, nikizima watanicheka mpaka Sirari," alijibu, akiendelea kukaza nyuzi.

Ndipo siku moja mkanda ukamvuta mkono wa kulia. Vidole vinne vilikwenda, akabakiwa na gumba.

Jioni aliyorudi kutoka hospitali alikuja kwetu kama kawaida, mkono umefungwa bandeji, litungu kaliacha nyumbani. Sisi watoto tulikaa chini tukingoja, kwa ujinga wetu. Alitutazama, halafu akaanza kupiga kwa mdomo: ndi-ndi-ndong, ndi-ndi-ndong. Tulicheka mpaka machozi. Bibi hakucheka. Aligeukia jiko akakoroga mboga iliyokuwa imeshaiva.

Alitupigia hivyo jioni nyingi, hadi alipohamia kwa dada yake upande wa Kenya. Sijamwona tena, na bibi alishatutoka. Nimesikia wapigaji hodari tangu hapo, kwenye harusi na redioni, lakini ninayemtamani ni yeye. Kila nikitulia ili nilikumbuke litungu lake, nyuzi hazinijii kabisa. Kinachonijia ni mdomo wake tu.