Gari la wagonjwa lilifika Tiwi, likaambiwa hatujulikani

Wakuu, hamjambo nyote.

Mimi huwa nasoma tu humu bila kuchangia. Niliishia darasa la nane na naandika polepole, mnivumilie. Haya niliyaona kwa macho yangu. Pale ambapo sikuona, nilisimuliwa na mwenyewe aliyetenda.

Nimeona mnabishana kuhusu location. Wengine mnasema mtu azime, simu isijue alipo. Wengine mnauliza, siku ya dharura atapatikanaje?

Nikakumbuka mambo ya Tiwi, huku kwetu Pwani, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Nilikuwa kijana mwenye haya, nikifanya kazi na kaka yangu Bakari. Yeye alikuwa mkwezi. Mimi nilibaki chini nikiokota nazi na kuzifua makumbi. Tulikuwa tukiangua nazi kwenye nyumba za wageni za mama mmoja wa bara, tukimwita Madam.

Nyumba zile hazikuwa na kibao barabarani. Madam alitaka hivyo. Wageni wake walikuwa wakubwa wa Nairobi, wanaokuja na watu wasiotaka kuonekana nao. Mnanielewa.

Pale njia panda ya kuingilia kwake alimweka askari, Mzee Tsuma, na amri moja: yeyote akiuliza, sema hujui.

Askari aliyemtangulia alifukuzwa. Alimwonea huruma mwanamke aliyekuja akilia kwamba mama mkwe yu mahututi na anamtafuta mumewe, akamwonyesha njia. Kumbe hakukuwa na mgonjwa. Siku ile vyombo vilivunjika.

Madam ndiye aliyekuwa na mobile, ya kwanza mimi kuiona kwa karibu. Aliyemuuzia alimwambia popote atakapopiga, wataona alipo. Akaamini. Na sisi tukaamini.

Asubuhi moja, baada ya mvua, Bakari akateleza akiwa juu. Sikusikia ukelele. Nilisikia kishindo tu.

Madam akatoka mbio, akapiga 999.

"Mtu ameanguka mnazi! Leteni gari! Tiwi, nyumba za wageni, huku ufuoni... Njia gani tena? Si mnaniona hapo? Ninapiga na mobile!"

Network ikakatika. Akajaribu tena na tena, haikushika.

Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Madam, mtu aende njia panda akawangoje."

"Wanajua tulipo. Wewe mshike kaka yako kichwa, kisigeuke."

Nikashika. Bakari alikuwa bado anaongea.

"Miguu yangu iko wapi?"

"Ipo, kaka."

"Basi usilie hivyo mbele ya wageni. Watadhani umeletewa bili."

Madam akamgongea mgeni mmoja mwenye gari. Mgeni akajibu akiwa ndani, bila kufungua, kwamba anasikitika lakini hawezi kuonekana hospitali ya huku. Kisha pazia likavutwa.

Jua likapanda. Maneno ya Bakari yakawa machache, halafu yakaisha.

Mwishowe ikaja pikapu ya mchuuzi wa samaki aliyezoea kuuza pale jikoni. Tukang'oa mlango wa stoo, tukamlaza juu yake, tukaondoka kwenda hospitali ya Kwale.

Pale njia panda Mzee Tsuma alituona, akasogea.

"Huyo si Bakari?"

"Ameanguka mnazi, mzee."

Akashika ubavu wa pikapu asiuachie.

"Lilikuja gari la wagonjwa hapa," akasema. "Dereva kaniamkia vizuri, kaniuliza ziko wapi nyumba za wageni za ufuoni. Nikamwambia sijui. Akazunguka huko, akarudi, akasema kuna mtu ameanguka mnazi. Nikamwambia, mwanangu, uongo wa namna hiyo tushauzoea."

Mchuuzi akatia gia.

Bakari alifariki kabla hatujafika Kombani.

Matangani Madam alituma mchele na sukari. Mwenyewe hakuja. Mzee Tsuma alikuja, akakaa mwisho wa jamvi, na mama yangu akampelekea sahani kwa mkono wake. Mimi sikumpa shikamoo, na sikuwahi kumpa tena mpaka alipokufa.

Mzee wa watu alitii tu. Kutii kwake ndiko kunakonichoma. Angekuwa mwizi au mlevi ningejua namna ya kumchukia.

Wakuu, sisemi muiwashe wala muizime. Simu ile haikujua lolote, hilo tuliliona. Lakini gari lilifika hadi njia panda hata bila simu kujua, likarudishwa na kinywa cha mtu anayeogopa kukosa kazi.

Nilichojifunza: ukitaka kujificha, jifiche, ni haki yako. Ila bakisha mtu mmoja mwenye ruhusa ya kusema ulipo, na asifukuzwe kwa kusema.

Kwako wewe mtu huyo ni nani? Na je, yeye mwenyewe anajua kwamba umemruhusu?