Nyigu wa Nyuma ya Jiko

Juzi nilipanda kwetu milimani, upande wa Mlola, baada ya mama mdogo kupiga simu kusema bibi ameanguka shambani, amepooza upande mmoja na hawezi kusema. Niliposhuka kwenye bodaboda kitu kilichonishtua ni ukimya. Ilikuwa mchana wa jua kali, karibu na mvua za vuli, saa ambazo zamani nyenje wa mitini walilia mpaka mkawa mnapigiana kelele kuzungumza. Safari hii nilimsikia jirani akikohoa nyumbani kwake.

Wewe uliyekulia milimani unaijua ile sauti. Inaanza na mmoja kwenye mti wa mgrevilea, wenzake wanadakia, na bonde zima linawasha masikio. Bibi hakuwa na kalenda. Nyenje wakianza, alipanda juu ya kigoda, akashusha mbegu za maharage zilizoning'inia juu ya moshi wa jiko, akatuita tuje kuchambua. Alisema nyenje anaita jembe, na mwenye masikio hangoji kuitwa mara mbili.

Tulichambulia nyuma ya jiko, makande yakitokota ndani, mbele ya ukingo wa udongo mwekundu uliojaa matundu ya nyigu. Hawa hawakuwa nyigu wa kukimbiza watoto. Walikuwa wawindaji, wakubwa, weusi, wenye mabawa ya rangi ya chai, na walichotaka ni nyenje tu. Ungesikia mtini kilio kimoja kikikatika ghafla, kisha nyigu anaanguka chini amemkumbatia nyenje aliyemzidi uzito. Kupaa naye hawezi. Anamburuta hadi kwenye mbuni wa kahawa, anapanda naye shina, kisha anajiachia kutoka juu na kuteleza hewani, halafu anaanza upya kwenye mbuni unaofuata. Tuliacha maharage tukatazama mpaka amwingize tunduni. Bibi alitugombeza kwa uvivu, ila na yeye alikuwa ameacha ungo magotini anatazama.

Kumwaga majivu au maji ya moto kwenye ukingo ule ilikuwa marufuku. "Na yeye anatafutia wanawe," alisema.

Siku moja nilimpokonya nyigu nyenje wake. Nilimlaza kwenye kifuniko cha kopo, nikamdondoshea maji ya sukari, nikangoja alie. Asubuhi nilimgusa, mguu ukacheza kidogo. Jioni vilevile. Macho yalikuwa mazima, mabawa mazima, sauti hakuna. Nilimpelekea bibi, nikiamini hakuna kinachomshinda.

"Hajafa huyo, nyigu amemchoma mwiba tu," alisema. "Ila hakuna wa kumrudisha. Ungemwacha, angelisha mtoto wa nyigu."

Alimchukua, akamsukuma ndani ya tundu kwa kidole chake, akanipa peasi ninyamaze. Nilidhani amekosa huruma.

Sasa bibi amelazwa karibu na dirisha la nyuma. Hospitali wametuambia tukae naye nyumbani. Namlisha uji kwa kijiko, nusu unamwagikia shingoni. Nikimgusa kiganja, kidole kimoja kinacheza. Nilikikumbuka kile kifuniko cha kopo, nikajichukia kwa kukumbuka.

Nje dirishani hakuna cha kumwonyesha. Migrevilea ilikatwa ikawa mbao. Ukingo umepigwa saruji usimomonyoke. Jirani anasema nyenje wamemalizwa na dawa za kabichi, mama mdogo anasema ni miti. Mimi sijui, na hata ningejua, nani angewarudisha? Mbegu bado zinaning'inia jikoni, nyeusi kwa moshi. Nilimuuliza mama mdogo lini tutazishusha.

"Aliyekuwa anajua ni huyo hapo ndani, mwanangu," alisema, akaendelea kuosha sufuria.

Kuna jambo moja kwa bibi halikuwa na mjadala. Ukimwamkia, unasimama palepale mpaka akuitikie. Mtoto aliyeondoka kabla ya marahaba alirudishwa kutoka hata njia ya shule. Na alikuwa na uchokozi wake: anaweza kumaliza kupepeta ungo mzima, wewe umesimama na ndoo ya maji kichwani, anakutazama kwa jicho la pembeni, anatabasamu, ndipo anasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Haya, nenda."

Leo asubuhi niliingia, nikasimama miguuni pa kitanda.

"Shikamoo, bibi."

Alinitazama. Mdomo ulicheza upande mmoja, ukatulia. Sijui ni salamu au ni maumivu. Mama mdogo aliniita nikachote maji kabla foleni haijawa ndefu, akaita tena. Nilimsikia vizuri, maana hakuna tena nyenje wa kunizuia nisisikie. Nilibaki nimesimama na ndoo yangu tupu, bibi akinitazama, nami sijaambiwa nenda.