Wepukhulu Anangoja Bei Ishuke

Huko Saboti, mtu akitaka kununua ng'ombe wa maziwa humtafuta Wepukhulu kwanza. Si kwamba Wepukhulu ni daktari wa mifugo. Daktari wa mifugo atakwambia ng'ombe ana nini. Wepukhulu atakwambia mwenye ng'ombe ana nini, na hilo ndilo humfaa mnunuzi. Humzunguka mnyama mara moja, akashika kiwele, akafunua mdomo na kutazama meno, halafu akamwacha kabisa na kuanza kumwuliza mwenyewe habari za nyumbani: karo, mgonjwa, kesi ya shamba. Akishajua ni lipi linalomsukuma mtu auze, hujua pia bei itashuka lini. Baada ya hapo huenda zake kulala. Kazi iliyobaki, husema, ni ya shida za yule mwingine.

Kwa njia hiyo amezeeka bila kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote. Watu wa Saboti bado wanakumbuka kwamba hata jeneza la babake alilinunua siku ya pili ya kuliulizia.

Mwezi wa Septemba, binti yake Nasimiyu aliingia chuo kimoja cha ufundi huko Bungoma, kusomea uchoraji wa ramani za majengo. Chuo kilitaka kila mwanafunzi awe na laptop yake, maana michoro ya muhula ilifanywa kwa kompyuta na kukabidhiwa katikati ya Novemba. Asiyekabidhi haendelei na wenzake. Anarudi nyumbani, aje aanze upya mwaka ufuatao. Nasimiyu alimweleza babake hayo polepole, kisha akayarudia. Wepukhulu alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama wanafunzi wote wananunua laptop mwezi huo. Wote, Nasimiyu akasema. Basi sisi hatununui mwezi huu, akasema Wepukhulu, na akajiona kama mtu aliyemwokoa binti yake asigongwe na gari.

Pesa zilikuwepo. Alikuwa ameuza fahali Agosti, tena vizuri. Na hoja yake haikuwa ya kijinga, jambo ambalo lilizidi kuharibu mambo. Vyuo vikifunguliwa, alieleza, kila mzazi yuko dukani na kila muuzaji anajua. Vyuo vikifungwa Desemba, vijana wanataka nauli na nguo za Krismasi, na kitu pekee walicho nacho cha kuuza ni laptop. Desemba ndiyo mavuno ya laptop. Kwamba michoro ilitakiwa Novemba, Wepukhulu hakukataa. Aliona tu kwamba hilo ni jambo la chuo, wala halihusiani na soko.

Hata hivyo hakukaa bure. Mwezi wa Oktoba alikwenda Kitale mjini kuangalia laptop, kwa maana ng'ombe wa Desemba huanza kutazamwa Oktoba. Katika duka moja alimkuta kijana anayeitwa Kipngeno, aliyemletea laptop nyeusi iliyotumika, akaanza kumsomea sifa zake. Wepukhulu alimwacha amalize. Aliinua ile laptop kupima uzito, akaifunua na kuifunga, akatazama vitufe kimoja kimoja, akauliza inakaa saa ngapi bila kulishwa stima. Kisha akaja kwenye swali lake.

"Mwenyewe aliiuza kwa nini?"

Kipngeno akasema haikuwa ya mtu mmoja. Ilitoka Uingereza, kwa ofisi kubwa, na ofisi hiyo ilibadilisha mashine zake zote.

"Zote? Siku moja?"

"Zote, mzee. Wao hufanya hivyo."

"Mtu akiuza kundi lote siku moja," Wepukhulu akasema, "hiyo si kubadilisha. Hiyo ni ugonjwa."

Kipngeno akacheka, akadhani ni utani wa kuteremsha bei, akateremsha bei kidogo. Wepukhulu akaona amethibitishiwa. Mtu mwenye ng'ombe mzima hateremshi haraka hivyo. Alirudi Saboti akiwa na hakika kwamba wazazi wa nchi nzima walikuwa wananunua mizoga, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyebaki na akili timamu.

Hakuwa peke yake kabisa. Jirani yake Mathenge, ambaye familia yake ilitoka Nyeri zamani na shamba lake linapakana na la Wepukhulu, naye alikuwa na msichana, Mwihaki, katika chuo kimoja cha Kitale. Mwihaki pia alitakiwa awe na laptop. Mathenge hakuwa na nadharia yoyote kuhusu laptop. Alikuwa na nadharia kuhusu Wepukhulu: hapakii mahindi mpaka amwone Wepukhulu anapakia, na hanunui mbolea mpaka aione kwa Wepukhulu. Wepukhulu akingoja, Mathenge naye anangoja. Kwa hiyo wasichana wawili walikuwa wanamaliza muhula kwa akili ya mtu mmoja.

Nasimiyu alikuwa akipiga simu kila wiki. Mwanzoni alieleza, halafu akabembeleza, halafu akaacha kutaja laptop na kuuliza tu habari za ng'ombe. Mkewe Wepukhulu, Nakhumicha, alimwambia mumewe kwamba hilo la mwisho si dalili nzuri. Wepukhulu akasema mtoto amekomaa.

Mwanzoni mwa Novemba shemeji yake alimwomba amsaidie kuchagua mtamba katika soko la Chwele, upande wa Bungoma, na kwa vile alikuwa amefika Bungoma tayari, akaona apitie chuoni. Alimkuta Nasimiyu nje ya chumba cha kompyuta, amekaa kwenye ngazi. Ndani kulikuwa na mashine chache za chuo, na wenye zamu walikuwa bado hawajatoka. Mapajani alikuwa na karatasi kubwa. Juu yake alikuwa amechora nyumba nzima kwa penseli na rula: madirisha, mlango wa nyuma, hata tangi la maji. Wepukhulu si mtu wa kusifu, lakini aliitazama ile nyumba akaona angeweza kuishi humo.

"Si hii ndiyo kazi yenyewe? Si uwape?"

"Ya mkono hawachukui, Baba."

Akaikunja karatasi vizuri, bila haraka.

"Lakini usiwe na wasiwasi. Nimeongea na mwalimu. Amesema naweza kurudi nyumbani sasa, nianze tena Septemba ingine."

"Urudi nyumbani ufanye nini?"

"Ningoje bei. Hata mimi nimeona ni kweli, Desemba itashuka. Na kama niko nyumbani mwaka mzima, si tunaweza kungoja hata hiyo ya Desemba ishuke tena? Hakuna haraka."

Hakusema kwa kejeli. Wepukhulu alimwangalia usoni jinsi anavyowaangalia wauzaji, akitafuta kile kinachomsukuma, kwa sababu kila mtu husukumwa na kitu. Hakuona kitu. Huyu hakuwa na hamu ya kuuza wala kununua wala kulaumu. Katika maisha yake yote ya soko hakuwahi kukutana na mtu wa namna hiyo, na mtu wa namna hiyo huwezi kumshinda kwa kungoja.

"Inuka twende," akasema.

Walikwenda duka lililokuwa karibu zaidi, siyo lenye bei nzuri zaidi. Nasimiyu alimweleza mwanamke aliyekuwa akiuza programu gani inatakiwa kufanya kazi humo, mwanamke akaleta laptop, akataja bei. Aliitaja juu juu, kama desturi ilivyo, ili mzee apate mahali pa kuanzia. Mzee akatoa pesa akazihesabu mezani. Mwanamke akangoja matusi kidogo, au basi hata mguno. Hakupata. Mwishowe, kwa kuona haya, akaongeza begi na kipanya bure, na bado alionekana kama mtu aliyeibiwa kitu.

Nasimiyu alikabidhi michoro yake siku ya mwisho, akapita.

Hapo mambo yangekwisha, kama Wepukhulu hangekuwa na jina la kulinda. Asubuhi iliyofuata safari yake, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, watu walimwuliza amepata laptop kwa ngapi. Akataja bei ya chini ambayo hakuna laptop imewahi kuuzwa kwayo tangu zianze kutengenezwa. Aliipata, akasema, kwa mtu fulani Bungoma aliyekuwa na shida. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mathenge hakutikisa kichwa. Alimeza mate.

Jioni alikuja nyumbani kwa Wepukhulu, akakataa chai, jambo lililoonyesha uzito wa shauri.

"Baba Nasimiyu, Mwihaki wangu ameambiwa wiki ijayo asipokuwa na hiyo kitu, arudi nyumbani. Nipeleke kwa huyo mtu wako."

Wepukhulu alimtazama mkewe. Nakhumicha akatazama sufuria.

"Hakuna mtu," Wepukhulu akasema. "Nilinunua dukani. Bei ya duka."

"Bei gani ya duka?"

Akamtajia. Akaleta hata risiti. Mathenge aliisoma, akamrudishia huku akitabasamu.

"Risiti ya bei yoyote hata mimi huandikiwa, bana. Wewe ulipe hii? Wewe, Wepukhulu?"

"Mathenge, nisikilize. Nunua kesho. Usiulize bei. Mtoto atafukuzwa."

Hakuna siku Wepukhulu alikuwa amewahi kusema maneno kama hayo kwa mtu yeyote, na Mathenge aliyapima kama mtu mwenye uzoefu. Mtu anayekuhimiza ununue haraka kwa bei ya juu anaficha mahali pa bei ya chini. Akasimama, akamshika mkono kwa upole wa mtu aliyeelewa.

"Haya, mficheni huyo mtu wenu. Mimi nitangoja Desemba, kama ulivyosema wewe mwenyewe."

Kwenye kituo cha maziwa Mathenge alisimulia yote. Kulikuwa na wazazi wengine pale wenye watoto vyuoni, ambao walikuwa wamepanga kununua wiki hiyo. Waliposikia kwamba Wepukhulu anahimiza watu wanunue sasa, nao wakaamua kungoja.