Maziwa ya Kibuyu na Kidonda cha Gego

Mimi mdomo wangu sijawahi kuufunga kwa hiari. Aliyeufunga ni daktari wa meno mwaka jana, alipopasua fizi, akalitoa gego lililokuwa limelala ndani ya taya, akashona nyuzi tatu. Akaniambia nisinyonye kitu kwa mrija, na antibaiotiki nimalize zote.

Siku ya tatu zile dawa zilikuwa zimenivuruga tumbo. Hapa Mashimoni choo ni cha ploti nzima. Kwenda mara sita asubuhi moja, majirani wanakutazama tu, wee! Niliona haya mpaka nikazificha dawa chini ya godoro. Shavu likaanza kufura tena.

Ndipo akaja mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pekee, kutoka Gatina. Kwao ni watu wa maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa kijinga cha moto. Mwaka wa kwanza wa ndoa yake aliniletea. Nikaona vile vidoadoa vya mkaa, nikamrudishia mbele ya wanawake wa kanisa, eti ananilisha masizi. Akakichukua kibuyu chake, akaenda. Tangu siku hiyo hakuwahi kuniletea chakula, na mimi nikajifanya sijali. Uongo mtupu. Iliniuma.

Akitandika kitanda, akazikuta dawa. Hakunigombeza. Akampigia daktari simu nisikie. Daktari akafoka: dawa nisiache, uvimbe niende akauone leo leo. Tumbo je? Akasema maziwa lala, yale ya kugandisha, huwasaidia wengine kwa vile vijidudu vyake vizuri, mradi yalichemshwa kabla ya kugandishwa, nami ninywe kwa kijiko, mbali na saa ya dawa.

Mkamwana akanipeleka kwake, kidonda kikaoshwa, tukarudi. Jioni akaja na kibuyu kutoka kwake, maziwa aliyoyachemsha kabla ya kuyagandisha.

Nilikunywa. Yalikuwa machachu, baridi, na yalipita mdomoni bila kunichoma. Baada ya siku mbili tumbo likatulia. Sijui kama ni maziwa au mwili wenyewe, lakini dawa nilizimaliza.

Siku moja akinishikia bakuli nikajaribu kumwambia, "Mwanangu, ile siku ya wanawake wa kanisa..."

"Kunywa kwanza, mama," akasema. "Utaniambia ukipona."

Nyuzi zilitoka zamani. Siku hizi natafuna hata mahindi choma kwa upande ule ule. Yeye huja kila Jumapili, hukaa, hungoja kidogo, kisha huaga. Na mimi, mwenye mdomo wote huu, bado sijamwambia.