Vokali za Mama wa Ulaya

Dada yangu mkubwa alikuwa anauza maziwa katika vilima vya Masisi. Alipoona kivimbe kwenye titi lake, nilimpeleka hospitali Goma, wakakata kipande kidogo wakakipima. Munganga, yule daktari wa hospitali, hakuzungukazunguka: ni kansere, bado ni ndogo, arudi haraka wamfanyie operesheni.

Dada hakurudi. Rafiki yake wa kanisani alikuwa amemtumia kwenye simu vokali, zile jumbe za sauti, za mama mmoja anayeishi Ulaya, ambaye kila siku hufundisha watu mambo ya afya. Alidai kwamba alijiponya kansere bila kisu, kwa kufunga, kunywa maji ya mubirizi, yale majani machungu yanayoota kwenye ua, na kuacha maziwa kabisa, eti maziwa yanalisha ugonjwa. Alisema hayo kwa Kifaransa. Dada hakusoma, mimi ni mwalimu. Kwa hiyo mtafsiri nilikuwa mimi.

Asubuhi dada alikamua ng'ombe, akawajazia wateja madumu yao, kisha yeye akanywa majani. Mtu aliyelelewa kwa maziwa. Mashavu yakaingia ndani, na mimi nikaendelea kutafsiri.

Siku moja nikachoka. Katika vokali mpya, yule mama alikuwa anasema kisu kinatawanya kansere. Nikamwambia dada, "Leo anasema wenye kivimbe kidogo waende hospitali."

Kesho yake dada akamsikilizisha binti wa jirani, anayejua Kifaransa, vokali ileile, kisha akaja kwangu shuleni.

"Ulinidanganya."

"Nilitaka upone, dada."

"Kama ule mama iko anasema uongo, kwa nini uliogopa kunielezea maneno yake?"

Tangu siku hiyo binti wa jirani akawa ndiye anayetafsiri, neno kwa neno.

Nikamwandikia yule mama mwenyewe. Nilimweleza munganga alivyosema na jinsi dada alivyokonda. Akanijibu kwa sauti tamu, "Kaka yangu, hofu yako ndiyo inayomuumiza." Nilipoandika tena, alikuwa amenifungia kwenye simu, ujumbe haufiki.

Miezi ikapita, titi likapasuka kidonda. Harufu yake ndiyo iliyomtoa dada nyumbani. Maneno yangu yote hayakuwa yamefanya kitu. Goma waliondoa titi lote, wakasema ugonjwa umeshafika kwapani. Mpaka leo anaendelea na dawa. Mkono mmoja umevimba, hawezi kukamua.

Nilidhani sasa atamkasirikia yule mama. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimkuta nje ya kanisa na mgeni kutoka Bweremana, mwanamke mwenye kivimbe shingoni.

"Mubirizi njo ilinibeba mpaka operesheni," dada alikuwa akimwambia. "Bila ile, ningekufa."

"Mama, uende kwanza wakupime," nikaingilia.

"Usimusikilize," dada akasema kwa upole. "Huyu iko anadanganyaka."

Mgeni aliniangalia kama watu wanavyomwangalia mlevi. Nilimfuata hadi barabarani, nikamwambia ninamjua munganga Goma na nitamsindikiza mwenyewe siku yoyote. Akasema atafikiri, akaandika namba yangu.

Ni siku ya tano leo. Hajapiga.