Koti Kwenye Swichi ya Draya

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya miaka ya tisini ambayo nikiikumbuka hata leo mikono yangu inapoa. Nilikuwa injinia mpya katika kiwanda cha majani chai, upande wa Kericho. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu majuzi tu, na kichwa changu, nakuambia ukweli, kilikuwa kikubwa kuliko kofia niliyopewa.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani. Mashine zote zilikuwa zimezimwa zisafishwe, na kiwanda kilichozoea kunguruma kilikuwa kimya hata nikasikia viatu vyangu mwenyewe. Majani ya jana yalikuwa yanangoja. Yakichelewa yanaharibika, na lawama ni ya injinia. Nikafika kwenye draya, lile sanduku kubwa la chuma ambamo chai hukaushwa kwa hewa ya moto. Kwenye swichi yake palining'inia koti kuukuu.

Desturi ya mafundi niliijua. Mtu akiingia ndani ya mashine hutundika koti lake kwenye swichi, na hakuna mwingine anayeligusa. Mimi niliona ni mambo ya kizamani. Nikaita mara moja tu, "Kuna mtu?" Kimya. Nikajiambia mwenyewe amelisahau, nikalitupa chini, nikanyoosha kidole kubonyeza swichi.

Ndipo nikasikia kugongwa. Ko, ko, ko. Polepole, kutoka ndani ya chuma.

Nywele zilinisimama. Nikarudi nyuma nikipiga kelele. Baada ya muda mlango mdogo wa ubavuni ukafunguka, akatoka Mzee Okelo, fundi aliyekuja kutoka upande wa ziwa kabla sijazaliwa. Alikuwa ameziba masikio kwa pamba sababu ya vumbi. Akaona koti sakafuni, akaelewa.

"Asante kwa kugonga, mzee," nikasema.

Akachomoa pamba, nikarudia. Akaniangalia sana. "Nani amegonga? Mimi nilikuwa nimelala kwa tumbo huko mwisho, natoa majani na vidole. Hata wewe sikukusikia."

Tukamulika ndani kwa tochi. Hapakuwa na mtu, wala chuma kilicholegea. Mzee hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema tu, "Injinia, leo umegongewa. Siku ingine usingoje kugongewa."

Aliyegonga simjui mpaka leo. Mimi ni mtu wa kanisa, nimemshukuru Mungu mara nyingi, lakini hofu haijanitoka.

Basi nisikilize. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kazini guu lenyewe huwa la mwenzako. Usiondoe alama ya mtu kabla hujamwona mwenyewe kwa macho, hata kama bosi anafoka na majani yanaoza. Lawama ya kuchelewa huisha jioni. Majuto ni mjukuu, na huyo utamlea mpaka kaburini.

Mungu akulinde katika kazi ya mikono yako, na wote walioingia nawe asubuhi watoke nawe wakiwa wazima.