Kisiki Hakusukumwa

Mmenisumbua vya kutosha. Kila anayeingia humu ndani anataka habari za mdogo wangu Kisiki. Mwenyewe hasemi, ukimwuliza habari za mbio, anakuuliza plagi yako uliisafisha lini. Basi kalamu mmenitwisha mimi niliyeishia darasa la pili, kana kwamba wenye shule zao wamekufa. Haya. Naandika mara moja tu, na atakayeona herufi zimepinda azinyooshe mwenyewe.

Alikuwa kitinda mimba. Baba alikuwa na karakana ya pikipiki mbele ya nyumba, mama akishona nguo chumba cha dirishani, na huyu mtoto akakulia katikati, kucha nyeusi kwa grisi na gauni limechanika. Mama alilalamika kwamba msichana hafai kunuka petroli. Baba akajibu kwamba hata mwanamume hafai, ila kinachonuka ndicho kinacholisha. Miguu yake ilikuwa bado haifiki chini vizuri alipoanza kuzijaribu pikipiki za wateja kwenye machimbo ya mawe nyuma ya mji. Wateja walidhani baba ndiye anayezijaribu. Baba akawaacha wadhani.

Huko machimboni ndiko alikojifunza kusimama juu ya vikanyagio na kuiacha pikipiki icheze chini yake, asishindane nayo. Alipoingia kwenye mbio za porini, za matope na mawe, wanaume walicheka. Msimu uliofuata waliacha kucheka, wakaanza kununa. Vikombe vilijaa juu ya kabati mpaka mama akawa anatunzia humo vifungo vya nguo.

Halafu akaanguka. Pikipiki ilimgeukia korongoni, ikambana goti la kulia. Goti likapona, lakini halikukunjika tena. Ndipo wapinzani wakambandika jina la Kisiki, wakidhani wamemtukana. Yeye akaipeleka helmeti yake kwa mchora vibao, jina likaandikwa kisogoni kwa rangi nyekundu, ili wanaobaki nyuma wapate cha kusoma.

Ila tatizo lilikuwepo, na si dogo. Pikipiki za siku zile ziliwashwa kwa kiki, kile chuma cha kukanyaga ubavuni, kwa mguu wa kulia, na mbio zilianza injini zikiwa zimezimwa. Bendera ikishuka, kila mtu awashe yake aondoke. Anayesukumwa ametolewa. Sasa asiyekunja goti la kulia afanyeje? Wakubwa wa chama wakamwambia kwa upole kwamba amewaheshimisha, sasa apumzike. Walimvisha sanda mtu aliye hai.

Hakupumzika. Kila asubuhi alisimama uani, ubavuni mwa pikipiki, upande wa kiki. Ule mguu mgumu akaufanya nguzo, akakanyaga kwa wa kushoto. Mwanzoni pikipiki ilimwangukia, majirani wakaamka wakitukana. Mume wangu, fundi aliyerithi karakana ya baba, alitaka kumshikia, akafukuzwa. "Shemeji, ukiigusa tu, leo hutengenezi pikipiki. Utatengenezwa wewe."

Akajiandikisha mbio kubwa za mwaka. Chama kikakubali kwa sharti: akiguswa na mtu, asirudi tena maisha yake yote. Bendera ikashuka, wenzake wakaondoka, yeye bado anakanyaga. Watu wakaanza kumhurumia, na huruma ndiyo aliyoichukia kuliko matope. Mara ikawaka, akadandia. Wenzake walifuatana kama kondoo kwenye mfereji mmoja wa tope, wakakwama. Yeye akapita pembeni penye nyasi, ambako mizizi imeshika udongo, akawaacha mmoja mmoja. Alifika wa kwanza, uso wote udongo.

Kisiki hata helmeti hajavua, bingwa wa mwaka uliotangulia akadai amemwona fundi akisukuma. Fundi kweli alikuwa karibu na mstari, lakini mikono aliitia mfukoni, akiogopa isije ikamtoroka. Mwamuzi hakuwa ameona kitu kwa moshi. Akasema itabidi ushindi ufutwe.

Kisiki akaizima pikipiki. Injini ya moto iliyolewa petroli ni kaidi kuliko punda, fundi yeyote atakwambia. Akashuka, akasimama ubavuni mwake.

"Mwamuzi, sogea hapa. Na wewe uliyeona, sogea. Wengine rudini nyuma, shemeji kuliko wote."

Akakanyaga. Kimya. Akakanyaga tena, kimya. Bingwa akatabasamu. Kisiki akazungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, akaikanyaga polepole kuitapisha petroli iliyozidi, akapumua, kisha akaishukia kwa uzito wake wote. Ikanguruma mpaka mwamuzi akaruka.

Akamgeukia bingwa. "Nani kanisukuma?"

Bingwa akachukua helmeti yake, akaondoka. Kombe akapewa Kisiki, na miaka mingi baadaye alikuwa bado akiwasomesha kisogo. Siku hizi wapo wasichana kule machimboni, magoti yao mazima, wanaowasha kwa kusimama upande ule ule, kwa madaha tu.

Lakini uongo nao una magoti mazima. Bado wako wazee wanaokaa vibarazani na kusema alisukumwa na shemeji yake. Mimi nimeandika, mkono unaniuma, sasa ni zamu yako. Ukimsikia mmoja wao, usimwache amalize kikombe chake cha kahawa. Mlete hapa kwangu. Pikipiki iko uani. Aiwashe kwa mguu wa kushoto mbele yangu, ndipo tuongee.